Darubini ya laki na themanini, nimeipeleka Kalinzi kwa chiriku wa milimani

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtauliza. 180,000, duka moja la vifaa vya simu na kamera pale Mwanga, Kigoma mjini. Boksi jeusi, limeandikwa 8x42 na maneno ya Kichina, jina la kampuni hamna kabisa, wameweka picha ya tai tu basi. Muuzaji alianzia laki mbili na nusu nikakaza mpaka tukakutana hapo. Ndani kuna darubini yenyewe, kifuko, mkanda wa shingoni, kitambaa cha kufutia na vifuniko vya lenzi. Risiti ya maana hamna, garantii hamna, unaambiwa "ikisumbua nirudishie kesho", keshokutwa haimo kwenye hiyo ahadi.

Sasa watu wengi huku kwetu wakinunua darubini wananunua kwa ajili ya sokwe, wanapanda boti Kibirizi wanaenda zao Gombe, au wanataka kukaa barazani kuangalia mitumbwi ya dagaa na milima ya Congo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Sio vibaya, ila hivo vyote sio mtihani. Sokwe akikaa juu ya mti unamuona hata kwa macho, na mtumbwi hauruki ukatua kwenye kichaka kingine wakati we bado unatafuta kitasa cha kufokasi. Ukitaka kujua darubini yako ni nzima au umeuziwa vioo kwenye boksi, panda nayo milimani umtafute chiriku. Ndege wa sentimita 12 hivi, uzito gramu 12 au 13, hatulii, anakula chini kwenye magugu halafu ghafla kundi zima linanyanyuka, na rangi zake ni kijani na njano akiwa ndani ya majani ya kijani na njano. Hapo ndo utajua umenunua nini.

Na sio chiriku yeyote. Kuna wa mabondeni na kuna wa milimani, na kuwatofautisha hao wawili ndo kipimo nilichokitumia. Wa mabondeni unamjua hata kama hujui kama unamjua, yupo Ujiji, yupo Tabora mjini, anakaa kwenye waya wa umeme na kwenye miembe anaimba asubuhi nzima. Wataalamu wanamwita Crithagra mozambica. Paji la njano, nyusi ya njano, shavu la njano, chini ya shavu mstari mweusi wa sharubu, utosi wa kijivu, na akiruka sehemu ya juu ya mkia inawaka njano hata bila darubini. Huyo katapakaa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, kwenye miombo na savana na bustani za watu.

Wa milimani ni Crithagra frontalis. Mwembamba kidogo, mdomo wake mwembamba umechongoka, dume kavaa barakoa nyeusi usoni na juu ya barakoa kuna mkanda mpana wa njano umekatiza paji lote. Mgongo kijani chenye michirizi, tumbo njano, mbawani mistari miwili ya njano. Jike rangi zake zimepoa na weusi wa usoni ni kidogo. Anapenda baridi na unyevu, kingo za misitu, mashamba na bustani zilizoachiwa magugu, na anapatikana nyanda za juu za mashariki mwa Congo, Uganda, Rwanda, Burundi mpaka huku kwetu magharibi mwa Tanzania. Zamani vitabu vilikuwa vinamweka kundi moja na ndugu zake wawili, mmoja wa Ethiopia na Kenya na mwingine wa upande wa mashariki na kusini kushuka mpaka Malawi, wote wanahesabiwa aina moja, siku hizi orodha nyingi zimewatenganisha. Na kinachowatenganisha kwa macho ni nini? Uso. Kwa hiyo darubini isiyoonesha uso wa ndege wa gramu 12 haina kazi huku.

Ziwa letu lipo kama mita 773 kutoka usawa wa bahari. Ukipanda Hiace ya kwenda Manyovu, ukishaipita Mwandiga unaanza kupanda na masikio yanaziba, ukifika Kalinzi kwenye kahawa upo karibu mita 1,500 na asubuhi bila koti utajuta. Michikichi umeiacha chini, huku ni migomba, maharage, kahawa, mikaratusi, na pembeni ya njia alizeti pori zimejaa ukuta mzima. Nilienda baada ya mvua kuisha, mwezi wa tano kuingia wa sita, makusudi, maana sisi mvua ni msimu mmoja, inaanza kwenye mwezi wa kumi au kumi na moja inaisha wa nne au wa tano, na ikishakata ndo magugu yote yanakuwa yamebeba mbegu. Ndege anayeishi kwa mbegu ratiba yake anapangiwa na majani. Ukienda kumtafuta kipindi magugu bado laini hayajafunga mbegu utazunguka mpaka uchoke.

Mtihani wa kwanza, rangi. Na hapa lazima niwaambie kuhusu zile darubini zenye lenzi nyekundu zinazong'aa, maana zimejaa stendi na watu wanazipenda kweli kwa muonekano. Jamaa yangu mmoja alikuja na ya kwake, kainunua kwa mtu wa mkononi elfu 45, imeandikwa 10-180x100. Ebu tulieni hapo. Namba ya mwisho ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, sasa 100 maana yake lenzi ya sentimita kumi, upana wa sahani ya chai, na hiyo darubini inaingia mfukoni! Tulipima kwa rula ya mtoto wa shule, ishirini na kitu. Namba ya kwanza, ya inavuta mara ngapi, nayo ndo usiseme. Ule wekundu ni mipako ya kwenye kioo inayorudisha mwanga mwekundu nje usiingie, kwa hiyo ndani dunia nzima inageuka ubuluu-ubuluu, na ndege wa njano anakuwa kijani kilichopauka. Kwa chiriku hilo ni janga.

Maana njano kwa huyu ndege ndo kila kitu. Haitengenezi mwenyewe tangu mwanzo, anaipata kwenye chakula, kwenye mimea kuna kitu kinaitwa luteini, mwili wake unakichukua unakibadilisha kuwa njano ya manyoya, na kijani cha mgongoni kwa sehemu kubwa ni njano hiyohiyo iliyochanganyika na weusi. Kanari wa kufugwa ni jamaa yao, asili yake visiwa vya Canary kule Atlantiki, na wafugaji wanajua kabisa kwamba akilishwa vibaya wakati wa kubadilisha manyoya anatoka kapauka. Kwa hiyo ukiona dume la chiriku limekolea njano ujue limekula vizuri, na nadhani majike nao wanaliona hilo kabla yetu. Basi na we umenunua kioo kinachofuta hiyo taarifa yote.

Hii ya kwangu lenzi zake ukizigeuza kwenye mwanga zinaonesha kijani na zambarau hafifu, sio nyekundu. Rangi zinatoka safi. Dume la kwanza nililompata lilikuwa kwenye shina la kishonanguo lililokauka na ule mkanda wa njano juu ya barakoa ulionekana wazi, huhitaji kubahatisha. Na nikimgeukia wa mabondeni nikishuka, sharubu na shavu la njano vilevile vinaonekana. Mtihani wa kwanza imepita.

Mtihani wa pili, mwanga. Chiriku anaamka mapema, akilala usiku mzima na mwili wa gramu 12 kwenye baridi ya Kalinzi njaa inamuamsha kabla ya jua kutoka vizuri, saa kumi na mbili na nusu yupo mezani. Sasa hesabu ni rahisi, chukua 42 gawa kwa 8 unapata milimita 5 na robo, huo ndo upana wa mwanga unaotoka nyuma ukaingia jichoni kwako. Kile kidarubini kidogo cha 8x21 kinakupa 2.6 tu. Mchana jua kali huoni tofauti kwa sababu mboni ya jicho yenyewe imejibana, lakini asubuhi chini ya migomba tofauti ni ya kuona na kutokuona. Hii 8x42 ilikuwa inaniwekea michirizi ya mgongoni wakati macho yangu yanaona kivuli tu.

Watu wananiuliza kwanini sikuchukua ya 12 au 16 si inavuta zaidi. Inavuta na mkono wako pia! Ukitetemeka kidogo tu ndege anatetemeka mara 12, na kadri inavyovuta ndivyo eneo unaloliona linavyokuwa dogo. Chiriku hawakai mmojammoja nje ya msimu wa kuzaa, wanatembea kikundi, wengine wamechanganyika na mishigi, wale wadogo kabisa wenye mdomo mwekundu, na wanaruka kwa mawimbi, wanapanda wanashuka wanapanda wanashuka huku wanaitana. Ukiwa na eneo jembamba unampoteza kabla hajatua. Na 8 unawafuata kundi zima mpaka wanapoingia kwenye kichaka. Mwenye 16 pembeni yangu alikuwa anauliza "wapi? wapi?" muda wote.

Sasa mtihani wa tatu, huu ndo ulionifanya niandike. Kufokasi karibu. Boksi limeandika mita 2 na kitu, mi nilipima kwa hatua ni kama mita 3, sio mbaya. Darubini nyingi za bei hii na hasa zile kubwa za 10x50 za kizamani zinaanza mita 6 au 7, chini ya hapo ukungu mtupu. Chiriku wa milimani ukikaa kimya kwenye ukingo wa shamba anakuja karibu mno, ana njaa na we sio mbegu. Nilikaa nyuma ya mgomba wakaja kwenye magugu mbele yangu pale, mita nne tano, na hapo darubini ikaacha kuwa kitu cha kuvuta vya mbali ikawa ya kuingia ndani ya mdomo wa ndege.

Nimeona anavyobangua. Anachukua mbegu kwa ncha ya mdomo, ulimi unaisukuma pembeni inakaa kwenye mfereji ulio juu ndani ya mdomo, taya la chini linapanda linabana, ganda linapasuka, ulimi unazungusha mbegu na ganda linadondokea nje pembeni, kiini kinashuka. Yote hiyo kwa muda mfupi kuliko wa kuisoma hii sentensi, na inayofuata ishaingia. Chini ya shina pale maganda yamejaa. Bibi mwenye ungo atakaa hapo nusu saa. Na ule mdomo mwembamba una sababu yake, anauchomeka ndani ya vichwa vya maua yaliyokauka, kishonanguo, mchunga, alizeti pori, anachomoa mbegu mojamoja, wakati mwingine amening'inia kichwa chini kwenye shina linaloyumba. Wenye midomo minene wanakula mbegu ngumu zaidi. Mdomo na chakula vinaendana, ukishauona mdomo unaweza kukisia anakula nini kabla hujamuona akila.

Halafu alishuka njiani akawa anaokota vichanga. Hilo nalo ni la kweli kwa ndege wa mbegu, meno hana, kwa hiyo anameza changarawe zinakaa kwenye firigisi kusaidia kusaga. Na wanakunywa maji sana maana mbegu kavu hazina maji, ukitaka kuwaona bila kuhangaika kaa karibu na kisima au kijito asubuhi.

Niliona pia kiota, cha zamani hakuna mtu ndani. Kikombe kidogo wazi kwenye tawi la mkahawa, na kingo zimejaa mavi makavu. Darubini ilionesha hilo vizuri bila kupanda wala kushika, na ndo inavyotakiwa. Hayo mavi ni alama ya ukoo wao. Ndege wengi wanabeba uchafu wa watoto wanautupa mbali mpaka mwisho, hawa chiriku na jamaa zao siku za mwishomwisho wanaacha tu, watoto wanajaza ukingo. Mishigi wao wanajenga kiota kilichofunikwa juu, kwa hiyo huwezi kuchanganya. Jike ndo anajenga na kuatamia, dume anamletea chakula pale pale, kama wiki mbili hivi mayai yanaanguliwa, na watoto wanalishwa zaidi mbegu zilizolainishwa tumboni mwa wazazi na kutapikwa, wakati ndege wengine wengi wa mbegu wanawatafutia watoto wadudu. Yani hata mtoto mchanga ni wa mbegu.

Kuna mzee mwenye shamba la ulezi alikuja kuuliza nafanya nini, na mjukuu wake ana manati shingoni, kazi yake kuamia ndege. Shikamoo mzee, marahaba, unatafuta nini humu. Nikamwambia naangalia hao. Akasema hao ndo wezi wangu. Nikampa darubini. Alihangaika nayo kidogo kwanza, anafumba jicho moja, kisha akatulia, akakaa nayo muda mrefu kwelikweli mpaka mjukuu akaanza kumvuta shati. "Mbona wapo kwenye magugu," akasema. Nikamwambia ndo chakula chao mzee, ulezi wakiupata hawataukataa, sitakudanganya, ila sio kwelea hawa. Kwelea kwelea ana mdomo mwekundu, anakuja kwa malaki na mamilioni, kila mmoja anamaliza kama gramu 10 za nafaka kwa siku, wenye mpunga na mtama huko Tabora wanamjua vizuri. Chiriku kumi kwenye kishonanguo ni kitu kingine kabisa. Dogo naye akaomba, akaangalia, akacheka, "babu kavaa barakoa!" Manati iliendelea kukaa shingoni, sijui kesho yake.

Na kabla mtu hajaniuliza kwenye inbox, hapana, sijui anapouzwa chiriku wa kufuga na nisingekwambia. Kukamata ndege pori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Tanzania iliwahi kuwa moja ya nchi zinazotoa ndege pori wengi kwenda kuuzwa nje, Ulaya wakafunga mlango wa ndege wa kukamatwa porini mwaka 2005 kwa mafua ya ndege na 2007 wakaufunga moja kwa moja, na 2016 serikali yetu nayo ikasimamisha kusafirisha wanyamapori hai. Bora hiyo laki na themanini uiweke kwenye vioo.

Kwa wanaopenda historia, kuna chiriku mwingine wa milimani mnene wa kahawia na mdomo mzito, Crithagra burtoni, kapewa jina la Richard Burton, yuleyule Mwingereza aliyepita Tabora 1857 enzi inaitwa Kazeh akafika Ujiji Februari 1858 na mwenzake wa safari, Speke. Sasa utadhani ndege alipatikana huku. Wapi! Burton baada ya hapo alipelekwa kuwa balozi mdogo Afrika Magharibi, ndege wake katoka Mlima Kamerun, na 1862 George Robert Gray wa jumba la makumbusho London ndo akamuandika. Huyo ndege anaishi vipandevipande kwenye milima, Kamerun, Angola, halafu huku kwenye milima ya Congo mashariki, Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na kaskazini mwa Tanzania, katikati hapo ni mabonde makubwa asiyoyapenda. Mtu mzima kapita mlangoni kwetu kwa miguu miezi na miezi, jina lake likaenda kubebwa na ndege wa Kamerun. Mi napenda sana hiyo.

Turudi kwenye bidhaa maana mapungufu yapo na muuzaji hatakwambia.

Pembeni ya picha kuna ukungu. Katikati safi kabisa, ukielekea ukingoni inalegea, kwa hiyo ndege lazima umlete katikati. Ndege akiwa juu ya waya na nyuma mbingu nyeupe, anazungukwa na mstari wa zambarau na manjano mwembamba, ni kasoro ya kioo cha bei rahisi, kwa chiriku wa njano inaudhi maana njano hiyo sio yake. Akiwa mbele ya majani haipo.

Wameandika wotapruf. Sio. Asubuhi moja ya umande nilitoka nayo nyumbani nikaiweka kifuani ndani ya koti, ikapata joto, nikaitoa kwenye baridi, ndani ya lenzi upande wa kushoto pakaingia ukungu mpaka saa nne. Darubini isiyopitisha maji kweli inajazwa gesi ya naitrojeni na kuzibwa, hii imejazwa maneno. Ukiwa Kalinzi au Manyovu kipindi cha mvua utateseka, iweke nje ya koti izoee baridi mapema na nyumbani ihifadhi na vile vipakti vya chumvichumvi vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kitasa cha kufokasi ni kigumu asubuhi baridi ikiwa kali, grisi inaganda, jua likitoka kinalainika. Mkanda ni nailoni nyembamba unakata shingo, ndani ya saa moja unaona alama. Vifuniko vya mbele vinadondoka vyenyewe, cha kwangu kimoja kipo mahali fulani kwenye kahawa za watu.

Wavaa miwani, vile vikombe vya mpira nyuma vinazungushwa kushuka, vishusheni chini mpaka mwisho ndo mtaona picha nzima. Mi navaa na naona karibu yote.

Na jamani, kile kipete cha jicho la kulia! Nimekutana na watu wana darubini nzuri kuliko hii wanalalamika inaumiza kichwa, kumbe hawajawahi kukigusa. Fumba jicho la kulia, angalia kitu kwa la kushoto, zungusha kitasa cha katikati mpaka kitu kiwe safi. Kisha fumba la kushoto, angalia kitu hichohicho kwa la kulia, sasa usiguse katikati, zungusha kile kipete mpaka pawe safi. Basi, imekaa kwa macho yako, baada ya hapo unatumia cha katikati tu. Mzee wa ulezi nilimfanyia hivo ndo akaanza kuona. Ukimpa mtu mwingine akivuruga unarudia. Na usithubutu kulielekeza jua, hata sekunde.

Ukienda kununua usikubali kuangalia ndani ya duka ukuta wa mbele ukaridhika. Mwambie muuzaji akuruhusu utoke nayo mlangoni. Angalia nguzo ya umeme ya mbali kwa macho yote mawili, ukiiona mbili, au ukihisi macho yanavutwa, rudisha, vioo vya ndani havijakaa sawa na hiyo haitengenezeki huku. Kisha ishike mbali na uso kama urefu wa mkono ukiielekeza kwenye mwanga, utaona vijiduara viwili vya mwanga nyuma. Vikiwa duara safi, prizimu, vile vioo vya ndani, ni nzuri, vikiwa na pembe au vivuli vya kijivu pembeni wamebana matumizi. Mi nilifungua maboksi matatu, la kwanza lilikuwa linaona mbili, la pili kitasa kinakwama, la tatu ndo nimetoka nalo. Muuzaji alinuna lakini hela ni yangu.

Nani asinunue: mwenye boti au anayekaa ziwani kazi yake ni maji kila siku, tafuta isiyopitisha maji kweli hata ukachelewa. Na kama unataka kuangalia mwezi na nyota tu, kuna bora zaidi. Mwongoza watalii anayeanza Gombe na hela hana, hii itamvusha, wageni wake watakuja na za kwao za mamilioni asione aibu, amuoneshe chiriku wa barakoa kwanza ndo waongee.

Naipa 7 kwa 10. Moja nimekata kwa lile neno wotapruf, moja kwa mkanda, moja kwa ile zambarau kwenye ndege wa kwenye waya. Mkanda nimenunua mpana wa begi la zamani sokoni Mwanga kwa elfu 5 nikaushonesha kwa fundi viatu, unakaa vizuri, na duka bado lina maboksi machache nilivyopita juzi ila bei ashapandisha, anasema laki mbili na ishirini, anzieni chini.